Kitabu chako kiko kwa nani?

Swali lenu la wiki hii, "Umesoma kitabu gani hivi karibuni, na ungependa wengine nao wakisome?", limenikaa kooni tangu nililisoma. Jibu fupi ninalo. Nimesoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, na nilipomaliza nikarudia Kuli ya Adam Shafi. Kilichonichoma ni ile nusu ya pili ya swali. Wengine wakisome wapi? Kila wiki natumiwa picha za majalada kwenye simu na watu ninaowapenda: soma hiki, usikikose hiki. Nikijibu, "Ukimaliza niazime," maongezi yanaishia hapo. Tunagawiana majina ya vitabu, vitabu vyenyewe vinabaki kabatini. Kwa hiyo mniwie radhi, nitajibu swali ambalo hamkuliuliza: kitabu ulichokisoma, leo kiko kwa nani?

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, yeye na wenzake, kila mtu na cherehani yake ya miguu. Mwaka 1983 nilikuwa darasa la sita. Wa rika langu hawana haja ya kuelezwa mwaka ule: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, wahujumu uchumi wanasakwa, wenye maduka wanaficha mali au wanaitupa usiku kwa hofu. Uzi ukaadimika. Fundi bila uzi hana la kufanya zaidi ya kupaka cherehani mafuta na kutazama wapita njia.

Katika hali hiyo akaja kijana mmoja kuchukua suruali yake, na hela hana. Alihitaji suruali ile siku ileile, sijui kwa shughuli gani. Baba akamwambia aache kitu. Akaacha kitabu. Kilikuwa Kuli, kimevishwa jalada la gazeti la Uhuru, na baba akakitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani pamoja na vifungo na chaki. Kikakaa humo mpaka alasiri moja baraza ilipokuwa imepoa kabisa. Baba akaniita: "Mwanangu, hebu tusomee tusikie."

Nilianza kusoma kama tulivyokuwa tukisoma darasani, kwa kukimbia na kuimba. Fundi mmoja akanisimamisha. "Polepole, mama. Huyo mtu anazungumza, hasomi." Sijapata somo la kusoma lililozidi hilo, pamoja na kwamba baadaye nilisomea ualimu na kufundisha mpaka nikastaafu.

Waliokisoma wanajua kisa: Rashidi wa Unguja, mtoto wa kuli, naye anaishia kuwa kuli bandarini, na safari yake inamfikisha kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948. Sasa fikirini kukisoma kitabu hicho Tanga ya wakati ule. Meli zetu zilikuwa zinatia nanga nje, shehena inakwenda na kurudi kwa matishali, marobota ya mkonge yanapanda kwa jasho la watu tunaowajua. Ngamiani ilijaa watu wenye bega moja lililoshuka kuliko lingine. Mafundi hawakuhitaji kufafanuliwa neno. Walikuwa wakiguna mahali ambapo mimi mtoto sikuona cha kugunia.

Kulikuwa na mzee muuza kahawa aliyekuwa akipita kila alasiri na dele lake na vikombe anavigonganisha. Kwa kawaida alisimama kwetu kidogo tu akaenda zake. Siku aliyosikia ninachosoma, aliliweka dele chini, akaketi kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mwisho wa sura. Kisha akasema, "Mimi nilikuwepo." Alitoka bara akiwa kijana, akavuka kwenda Unguja kutafuta kazi, akabeba magunia pale forodhani, na baadaye ndipo akahamia Tanga, akabeba tena mpaka mgongo ulipokataa.

Tangu siku hiyo sikusoma tena ukurasa mzima bila kukatizwa. Alitaka mambo yawekwe sawa. Alitueleza gunia linavyonyanyuliwa: wawili wanalishika ncha, wa tatu anainama, na anayesema "haya" lazima awe yule anayebeba, kamwe si wale wanaonyanyua, kwa sababu mgongo ni wake. Akauliza kwa nini mwandishi hakulieleza hilo. Fundi mmoja akamjibu kwamba kitabu hakiwezi kubeba kila kitu. Mzee akasema basi kimeacha kitu kizito. Ubishi huo uliendelea mpaka adhana ya magharibi, na mimi nimekaa katikati nimeweka kidole kwenye mstari.

Wakati huohuo kitabu kilianza kutoka. Kilianza kwa muuguzi aliyeleta sare yake kupunguzwa, akasikia kipande, akaomba akilaze usiku mmoja. Baba akaandika kwa penseli upande wa ndani wa lile gazeti: jina, na siku ya kurudisha. Akaja karani, akaja mwalimu wa madrasa, akaja mama mmoja muuza samaki ambaye mwanawe ndiye aliyemsomea. Orodha ikashuka mpaka chini. Wote walirudisha, na kila aliyerudisha alikaa kidogo aseme neno. Mwisho akaomba yule mzee wa kahawa. Herufi hizi zetu hakuzizoea, yeye alisoma na kuandika kwa za Kiarabu, ila alikuwa na mjukuu shuleni. Baba akamwandika.

Mzee akiwa nacho, kijana wa suruali akatokea na hela yake kamili. Anakitaka kitabu chake, kesho asubuhi anasafiri. Baba akanipakia kwenye keria ya baiskeli tukaenda Mabawa. Tulimkuta mzee uani, mjukuu anasoma, majirani wamejaa kwenye mkeka na kibatari kiko katikati. Mgomo walikuwa hawajaufikia. Mzee aliomba aachiwe mpaka kesho, baba akamweleza. Hakubisha. Alikifunga, akakipangusa kwa kanzu yake, akampa baba kwa mikono miwili. Akasema, "Basi mgomo nitausimulia mwenyewe."

Na aliusimulia. Alikuwa akipita na dele lake kama kawaida, anasimulia kipande, kahawa inapoa, anaondoka. Mgomo wake haukuwa na viongozi wengi wala hotuba. Ulikuwa wa chumba kimoja, alimokaa yeye na mwenzake, kitanda kimoja, kazi moja. Yule mwenzake alitaka kurudi kazini kwa sababu mama yake bara alikuwa akisubiri hela. Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Usiku alichukua kulabu ya mwenzake, ile wanayokamatia magunia, akaifukia ndani ya gunia la makumbi. Asubuhi yule bwana alitafuta, akatafuta, akaelewa, akakaa kitandani. Mgomo ukaisha, wote wakarudi bandarini, wakabeba pamoja tena, na yule mtu hakusema naye neno mpaka walipoachana. Fundi mmoja aliuliza kama aliwahi kumwomba radhi. Mzee akasema, "Kwa lipi? Tungevunja mgomo." Halafu akasema kwamba kila akimkumbuka anamkumbuka ameketi vile.

Huo ndio mgomo wa 1948 niliokua nao. Riwaya yenyewe niliimaliza nikiwa chuoni, haraka, kwa ajili ya mtihani. Mwaka huu nimeirudia kwa utulivu, usiku, peke yangu, na kwa mara ya kwanza nimeweza kulinganisha. Adam Shafi anauona mgomo kwa upana: watu wanavyofunguka macho, wanavyokutana, wanavyopata lugha ya kudai haki yao. Ninamwamini na ninamheshimu kwa hilo. Lakini kila nilipofika kwenye umoja wa makuli nilimtafuta mtu aliyeketi kitandani bila kulabu, na sikumpata. Nisingejua hata kumtafuta kama kitabu kile kingebaki kwenye mtoto wa meza. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia wanaonitumia picha za majalada. Kitabu kikipita mikononi mwa watu kinarudi na kitu ambacho mwandishi hakukitia.

Mpaka hapa nilikuwa nimejiandaa kuwahimiza nyote mfungue makabati. Ila kuna jambo nimelisogeza pembeni kwa miaka mingi, na kwa kuandika haya limerudi. Yule kijana, alipokabidhiwa kitabu, alikigeuza akaliona lile gazeti lililojaa majina, akataka kulia. Kitabu hakikuwa chake. Alikiazima kwa mwalimu wake, kwa ahadi, na mwalimu huyo ndiye aliyekuwa akimsubiri huko alikokuwa akienda. Kwa hiyo mtu mmoja asiyetujua, aliyekinunua kwa mshahara wa mwalimu katika mwaka ule, ndiye aliyetusomesha baraza nzima, na hakuna aliyemwomba wala kumshukuru. Baba alibandua jalada la Uhuru akavisha jipya. Yale majina ya penseli yakatupwa, na nilisikitika kwa majina. Leo ninamsikitikia mwalimu.

Labda ni Peponi iliyonigeuza. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa deni la baba yake. Watu wazima wamepatana, deni limepata dhamana, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Kitabu si mtoto, najua, na sitaki kulazimisha ulinganifu. Ila nilipolifikia jambo hilo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Rehani ni jambo jepesi kwa mpokeaji.

Na kitabu hiki tumekisubiri. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel 2021, na Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri 2022. Miaka 28 hadithi ya pwani yetu na njia za misafara yetu ilikuwa ikisomwa na wengine. Nakala yangu niliinunua Dar es Salaam, duka la vitabu la TPH pale barabara ya Samora, nikaishika mkononi njia nzima ya basi mpaka Tanga.

Basi hukumu yangu, ambayo sikuwa nayo nilipoanza kuandika: Kuli yangu nimeshaitoa, iko Makorora kwa mwanafunzi wangu wa zamani, na nimemwambia ampe amtakaye mradi aniambie ni nani. Peponi siiazimi. Ninajua nimeanza kwa kuwalaumu watu wanaofanya hivyohivyo. Anayetaka kuisoma aje barazani kwangu baada ya alasiri, kahawa ipo, asome mpaka achoke, na akitaka kusoma kwa sauti nitafurahi zaidi. Nikipata nakala ya pili nitaipeleka maktaba ya mkoa, kama watanihakikishia kwamba itawekwa rafuni na watu wataruhusiwa kutoka nayo. Ninamfikiria pia binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, ameshakuja mara kadhaa na anasoma polepole jinsi nilivyofundishwa mimi. Yeye huenda nikamruhusu alale nayo usiku mmoja, Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi haendi shule na ninajua nyumba anayoishi.