Taya la chini limetokeza: apasuliwe sasa?

SWALI: Kijana wangu ana miaka 16. Taya la chini limetokeza, meno ya mbele hayakutani, hata chapati huikata kwa magego. Waya za meno zitatosha? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, waya husogeza meno, si mfupa, kwa hiyo kwa pengo kubwa hazitoshi. Ila upasuaji usubiri. Taya la mvulana huweza kukua hadi miaka 18 au 21. Likikatwa leo, huenda likatokeza tena. Hupigwa eksirei za kichwa kwa ubavu, zikipishana miezi 6 hadi 12. Zikilingana, ukuaji umekoma.

Kisha waya kwa miezi 12 hadi 18, kuyapanga meno kabla ya upasuaji. Hapo msishtuke: meno ya chini yaliyolalia ndani yakinyooshwa, kasoro huonekana kubwa zaidi. Ndivyo inavyotakiwa.

Upasuaji hufanywa kwa nusukaputi, kupitia ndani ya mdomo. Mfupa hupasuliwa nyuma ya magego pande zote mbili, taya hurudishwa nyuma, hukazwa kwa vibamba na skrubu za titani. Mara nyingi taya la juu nalo husogezwa mbele. Wiki 6 hivi ni uji, supu na vyakula laini. Mdomo wa chini kufa ganzi ni kawaida, ingawa kwa wengine ganzi haiishi kabisa; daktari aliseme hilo kabla hamjatia saini.