Magunia Manne Juu ya Keria: Jibu Langu kwa Kijana wa Molo

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Molo. Amenunua Nissan Wingroad ya mwaka 2003 yenye keria, na anataka kuanza kupeleka viazi Kisumu. "Mzee wangu," aliandika, "magunia manne ya kilo 50 juu ya keria yataleta shida? Ndani nataka kubeba abiria wa kuchangia mafuta."

Nilimwelewa mara moja. Sisi tulionunua gari moja kuukuu kwa jasho letu tunataka libebe familia Jumapili na lilete pesa Jumatatu. Lakini ujumbe wake ulinikosesha usingizi, maana mwaka 2016 nilijiuliza swali hilo hilo na nikajijibu vibaya.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni, nililoachiwa na marehemu baba. Waliokulia kando ya barabara za Nakuru kwenda Kisumu na Eldoret wanazikumbuka: ndizo zilikuwa matatu za safari ndefu, abiria wamejaa safu zote tatu, na juu masanduku, kuku na baiskeli. Nyuma lina springi nne, mbili kila upande. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 ile yenye milango miwili ikashinda tena. Baba alikuwa akiitaja miaka hiyo kama mtu anayetaja watoto wake waliofaulu mtihani. Nikakua nikiamini hakuna mzigo wa kulishinda gari lile.

Desemba hiyo mama alikuwa anamalizia nyumba yake Chavakali, mbele ya Kisumu. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa Nakuru, akanitengenezea keria mpya ya vyuma vya mraba, miguu sita, kila mguu ukibana ule mfereji wa bati unaopita pembeni mwa paa kuondoa maji ya mvua. Alipomaliza aliipiga kofi mbili akasema, "Hii hata nyumba unabeba." Nikamlipa, nikaongeza na ya chai.

Juu tukafunga mlango wa chuma na fremu yake, magunia matatu ya viazi na godoro. Ndani kulikuwa na mke wangu, watoto watatu, dada yangu na shemeji. Salgaa, Sachangwan na Mau Summit tulipanda polepole bila tatizo. Kericho tukapata mvua kubwa. Baada ya pale barabara inashuka sana kuelekea bonde la Kano, na hapo ndipo nikaanza kusikia mlio juu yetu kila tukikata kona, krrr, krrr, kama mtu anakwangua sufuria. Shemeji akauliza ni nini. Nikamwambia ni kamba inasugua.

Karibu na Awasi kulikuwa na tuta ambalo sikuliona mapema. Nikakanyaga breki, magurudumu ya mbele yakapanda, na juu kukapasuka kitu. Ghafla ndani kukawa giza. Mlango wa mama ulikuwa umelala juu ya boneti, kioo cha mbele kimeingia ndani, viazi vinabingirika kwenye lami kuelekea mtaroni. Mke wangu alikatwa na kioo mkononi. Wengine walitoka salama, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na boda boda mbele yetu.

Nilipopanda kuangalia, keria ilikuwa nzima. Hakuna chuma kilichopinda, hakuna mahali palipoachia. Fundi alisema kweli kuhusu keria yake. Kilichochanika ni mfereji wa paa, umefunuka kama mdomo wa kopo la maziwa, na chini ya ile rangi niliyopiga mwaka uliotangulia bati lilikuwa kutu ya rangi ya chai. Nililimegua kwa ukucha.

Shemeji alisimama kando ya barabara akasema, "Mzee aliliendesha miaka yote, halikumfanyia hivi." Tumekaa meza moja mara nyingi tangu siku hiyo, na bado neno hilo liko kifuani mwangu.

Niliporudi nilipeleka keria kwa mfanyabiashara wa viazi mwenye mizani, kisha nikajumlisha kila kitu. Keria tupu kilo 38. Mlango na fremu 52. Magunia 150. Hizo ni kilo 240 kabla ya kuhesabu godoro lililonyeshewa, na kila lita ya maji ambayo godoro linanyonya ni kilo moja zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Springi zinabeba gari na vyote vilivyomo. Lakini kabla uzito wa keria haujafika kwenye springi, unapita kwanza kwenye mdomo wa bati, kwenye miguu michache, kwenye nati na vipande vya mpira. Kwa magari mengi madogo ya abiria, kitabu cha gari kinaruhusu kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa, mengi yakiwa karibu na 75. Uzito wa keria yenyewe umo katika hesabu hiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya. Keria ya kilo 38 kwenye paa la kilo 75 inakuachia kilo 37. Gunia moja la viazi limeshavuka.

Keria nayo ina kiwango chake, na miguu yake ina chake. Fuata kilicho kidogo kuliko vyote. Ukikuta imeandikwa kilo 100 kwenye keria na kitabu cha gari kinasema 75, jibu ni 75.

Halafu kuna umri. Hesabu ya kitabu ilipigwa gari likiwa jipya, bati likiwa bati. Gari la miaka ishirini limeshanyeshewa, limeshapigwa rangi juu ya kutu, mipira ya miguu imekauka na kupasuka. Mimi gari likizidi miaka ishirini nakata hesabu ya kitabu nusu, na kwenye barabara ya vumbi naipunguza tena. Watengenezaji wengine wenyewe wanapunguza kiwango cha paa gari likipita barabara mbovu. Kama gari lilikuja kutoka Japani, kitabu huenda ni cha Kijapani. Piga picha ukurasa, simu itakutafsiria. Usiseme hujui kusoma.

Mtu atakwambia walipanda watatu juu ya paa wakapiga picha na halikubonyea. Gari lililosimama si gari linalotembea. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, mzigo wa kilo 200 unasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 150, na kinachouzuia ni ile miguu tu. Na ukiongeza mwendo kutoka 80 hadi 100 kwa saa, upepo unaokamata mzigo unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kona nazo ni mbaya, kwa sababu uzito ukiwa juu gari linataka kulala.

Wanangu, pimeni. Mizani ya gunia haikosi sokoni, na kupima hakumalizi pesa. Pimeni keria, pimeni mzigo, angalieni kutu chini ya kila mguu, tembeeni kilomita kumi kisha msimame mkaze nati na mikanda tena. Mkisikia mlio, simameni. Mimi niliusikia mlio mara nne au tano nikiwa na watoto wangu ndani, nikasema ni kamba. Kuna baba hapa anasoma haya na mlio anao tayari juu ya kichwa chake. Asimame leo.

Kwa kijana wa Molo: magunia yako manne ni kilo 200, na juu ya Wingroad ya 2003 hayapandi, hata mawili hayapandi. Laza viti vya nyuma, uyapange ndani, mawili yakiegemea mgongo wa viti vya mbele na mawili nyuma yake, uyafunge yasikurukie. Gari hilo limeundwa kubeba watu watano. Ukiwa dereva peke yako, magunia manne yako ndani ya uwezo wake. Abiria wa kuchangia mafuta waache kwa sasa. Juu weka kitu kikubwa chepesi, makreti matupu au magunia matupu ya kurudia, ukayafunge kwa mkanda na si kamba ya mpira. Ukifika soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili nitumie picha ya gari.