Kabla hujanunua gauni la rockabilly, sikiliza besi kwanza

Wadada wengi wananiuliza yale magauni ya rockabilly yenye sketi pana nayatoa wapi (rockabilly ni muziki wa Marekani wa miaka ya 1950, mchanganyiko wa country na blues), na mi kila siku jibu langu ni lilelile, anza na masikio, duka baadaye. Gauni langu la kwanza niliagiza mtandaoni kwa kuipenda picha tu, jekundu na vidoti vyeupe, kufika ni poliesta laini, nikawasha muziki nikazunguka, likaning'ang'ania mapajani kama limelowa. Niliumia sana.

Chukua ule wimbo That's All Right wa Elvis Presley, Julai 1954, studio ndogo ya prodyuza Sam Phillips kule Memphis, Marekani. Humo hamna dramu kabisa! Ni Elvis na gitaa kavu, Scotty Moore na gitaa la umeme, halafu Bill Black na besi ile kubwa ya kusimama, na huyu Bill nyuzi anazivuta anaziachia, anazichapa na kiganja mpaka zinagonga ubao, tak tak tak, hiyo ndo dramu yenyewe. Vaa hedifoni ufuatilie mapigo hayo ya besi tu, rudia hata mara tano, mguu ukianza kwenda wenyewe utaelewa kwa nini sketi ina upana ule, inataka kuchezwa.

Na tuseme ukweli, wimbo ule ni wa Arthur Crudup, mwanablues mweusi, aliurekodi 1946 na akafa 1974 bila kulipwa jasho lake inavyostahili. Hata mavazi ya Elvis yalitoka duka la nguo la Lansky, mtaa wa Beale hukohuko Memphis, walikokuwa wananunua wanamuziki weusi. Ukiipenda staili hii mtaje na Crudup, tafadhali.

Haya, gauni. Wanda Jackson, dada aliyeimba rockabilly kwa sauti ya kukwaruza mpaka raha, nguo zake za stejini alikuwa anashonewa na mama yake, kwa hiyo usione aibu kwenda kwa fundi wa mtaani. Beba pamba. Kwa sketi ya duara zima, chukua kiuno gawa kwa 6.28, mi kiuno changu sentimita 75 napata kama 12, hizo ndo sentimita unazopima kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili kukata tundu la kiuno. Kitenge kinafaa mno ila upana wake hautoshi, fundi akate nusu duara mbili aunge ubavuni, ndani aweke shimizi ya neti ngumu. Halafu pindo asilikunje siku hiyohiyo jamani! Litundikwe usiku kucha kwanza, sehemu za mshazari, zilizokatwa kwa kukingama na nyuzi za kitambaa, huwa zinashuka, fundi akiharakisha utatembea na pindo la mawimbi.

Siku ya kuchukua nenda na simu yenye wimbo, piga besi ya Bill, zunguka mara mbili palepale kibandani ndo umalizie hela.