Jasusi wako na daftari la maziwa

Mwanangu,

Sura tano za riwaya yako zimefika, nimezisoma mara mbili. Unauliza jasusi wako awe wa Azimio, muungano wa Raila, au wa Kenya Kwanza, ule wa Ruto. Ngoja kwanza tumalizane na ile Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya rais ya kituo kimoja.

Umemfanya aiibe usiku, Kisumu, Agosti 2022, na matokeo yakageuka. Hayageuki. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Kura za rais huhesabiwa kwanza, moja moja, kila moja ikiinuliwa mawakala wa wagombea waione. Msimamizi anajaza fomu, mawakala wanatia sahihi na kuondoka na nakala zao, nyingine inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa kwa kutumia KIEMS, kile kifaa cha tume ya uchaguzi. Mwaka ule picha za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi. Watu walizijumlisha wenyewe wakiwa kitandani. Karatasi aliyohatarisha maisha kuiiba ni ya kufungia njugu.

Wa kuibwa ni wakala. Ameingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kituo kimefungwa saa kumi na moja jioni, bado kuna masanduku sita ya kuhesabu, na aliyemwahidi hela ya chakula hashiki simu. Akienda zake bila kutia sahihi, fomu haibatiliki kwa hilo. Basi jasusi wako anachohitaji ni kujua nani ana njaa, kituo kipi. Nimekwambia mara ngapi: ujasusi ni daftari, si bastola.

Na daftari unalijua. Lile la mama wa maziwa, Nakuru: nyumba, jina, vikombe, deni. Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipoingia kwenye ploti waliuruka mlango wa jirani wakaja moja kwa moja kwetu. Baba yako hadi leo anaapa ni yule mama. Mimi nasema, nani mwingine alitujua sote kwa majina? Halafu nakumbuka ndiye aliyetuletea lita mbili kule Showground, kambini kwa waliofukuzwa makwao, na hakuandika. Lakini tena, katika mahema yote yale, alijuaje letu ni lipi?

Basi, siendelei.

Kuhusu upande: yule mama aliuzia ploti nzima. Nitumie sura ya sita kabla ya Jumapili, na bastola uitoe.

Mama