Homa kali na malaria hakuna: usikimbilie rangi mbili

Pole sana mkuu. Umesema kijana wako ana homa siku ya tatu, viungo vinamuuma, malaria amepimwa hana, na jirani anakushauri umnunulie vidonge vya rangi mbili, yaani antibayotiki, dawa za kuua bakteria. Nakuomba usinunue kwanza. Mimi ni wa Newala, na kosa hilo nimeshalifanya.

Homa ilinianza jioni. Kulipokucha nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Viwiko na vifundo vimevimba, nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nikameza rangi mbili siku tano. Hazikusaidia chochote. Homa iliondoka yenyewe, lakini viungo viliniuma miezi miwili. Daktari aliponisikiliza akasema dalili zote ni za chikungunya. Ugonjwa wa kwetu huo: ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huku huku uwanda wa Makonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa vile mgonjwa anavyojikunja. Ni kirusi, na antibayotiki haiui kirusi hata umeze boksi zima. Mgonjwa anapumzika, anakunywa maji mengi na parasetamoli. Aspirini na diklofenaki asiguse mpaka ijulikane kuwa si dengue, maana dengue inafanana nayo na inaweza kumtoa mtu damu.

Ila usione kwamba antibayotiki hazina kazi kwenye homa. Julai 2022 kule Ruangwa watu waliugua homa, kichwa, wengine damu puani. Ikatangazwa homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3. Ile ni bakteria, inatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, ukiingia kwenye maji na udongo. Hapo antibayotiki ikiwahi inaokoa maisha. Homa hizi zinaanza kwa kufanana, kwa macho hutazitofautisha. Mpeleke hospitali leo, na umwambie daktari kama kijana alikanyaga madimbwi au alishika panya shambani. Akitoka damu, macho yakiwa ya njano au mkojo ukipungua, usingoje kupambazuke.

Halafu chungulia pipa lako la maji ya mvua. Mbu wa chikungunya anauma mchana na anazaliana humo humo tunamokinga maji. La kwangu mfuniko ulikuwa umepasuka. Nilipomulika tochi, viluwiluwi walikuwa wananing'inia juu ya maji, vichwa chini. Siku hizi nalifunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kamba pande zote.