Tengo la hasara: fedha ziko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina hisa chache katika kampuni ya kadi za mkopo. Mwaka huu mapato yake ya riba yamepanda, lakini faida imeshuka kwa sababu ya "tengo la hasara tarajiwa ya mikopo". Fedha hizo zimewekwa wapi? Nami nina deni la kadi hiyo. Ikiwa hasara imekwisha kuhesabiwa, je, bado ninadaiwa?
Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna akaunti wala kasha zilimowekwa. Tengo ni makadirio: kampuni inapunguza thamani ya madeni inayodai, na kiasi kile kile kinakatwa kwenye faida, ingawa hakuna shilingi iliyotoka.

Tangu tarehe 1 Januari 2018, kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 9 (IFRS 9) kinaitaka kampuni ihesabu hasara inayotarajiwa, bila kusubiri mteja ashindwe kulipa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mwenye duka Kariakoo anadaiwa shilingi milioni 2 kwenye kadi yenye ukomo wa milioni 5. Kampuni inakadiria kwamba hadi atakapokwama deni litakuwa limefika milioni 3, kwa kuwa mtu aliyebanwa huimalizia kadi kwanza; sehemu ya ukomo ambayo bado haijatumika husahauliwa na wengi, nayo ndiyo inayozitofautisha kadi na mikopo ya kawaida. Uwezekano wa kushindwa ndani ya miezi 12 ukiwa asilimia 3, na hasara baada ya ufuatiliaji ikiwa asilimia 80 ya deni hilo la milioni 3, tengo lake ni shilingi 72,000.

Akichelewa zaidi ya siku 30, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hatari imeongezeka sana, hivyo kampuni hutazama uhai wote wa deni badala ya miezi 12. Uwezekano ukipanda hadi asilimia 30, tengo linakuwa shilingi 720,000, mara kumi ya lile la awali, na huyo mama bado hajakimbia deni. Zikipita siku 90, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa.

Ndiyo maana riba na tengo vinaweza kupanda pamoja: kampuni inayogawa kadi mpya kwa wingi hulazimika kuzitengea zote. Nchini Marekani, ambako hasara ya uhai wote wa deni hutengwa tangu siku ya kwanza, benki ya kadi za mkopo ya Capital One ilitenga dola bilioni 5.4 katika robo ya kwanza ya mwaka 2020, korona ilipoingia, ikaishia kupata hasara. Kwa hiyo nakusihi uulize katika mkutano wa wanahisa kama tengo limekua kwa sababu ya kadi mpya au kwa sababu wateja wa zamani wanachelewa, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kuhusu deni lako, bado unadaiwa lote. Hata likifutwa vitabuni, kampuni inaendelea kuwa na haki ya kulidai, na utakacholipa baadaye kitaandikwa kuwa makusanyo ya deni lililofutwa.