Dawa za cheti kwa njia ya mtandao: kwa nini wengi wanakimbilia huko, na ukague nini kabla ya kulipa

SWALI: Ndugu mfamasia, natumia nifedipini miligramu 20, asubuhi na jioni, kwa ajili ya presha. Ndugu zangu wawili siku hizi wanaagiza dawa zao mtandaoni na wananishawishi nami nifanye hivyo. Kwa nini watu wanahamia huko? Na nikitaka kuagiza, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, wanaoagiza dawa mtandaoni wanasukumwa zaidi na mambo manne: bei, umbali, aibu, na kutaka kumkwepa daktari. Matatu ya kwanza ni haja za kweli. Duka lenye ghala moja kubwa lina gharama ndogo kuliko lenye matawi mengi, na kwa mtu anayemeza vidonge kila siku ya maisha yake, punguzo dogo linahesabika. Mgonjwa anayeishi mbali huchoka kusafiri kila mwezi kisha aambiwe dawa imeisha. Na wapo wasiotaka kutaja mbele ya foleni kwamba wanahitaji dawa ya nguvu za kiume, ya sonona au ya ugonjwa wa zinaa. Simlaumu hata mmoja wao.

Hilo la nne ndilo linaloumiza watu. Cheti cha daktari huandikwa kwa kuzingatia vipimo vyako, umri wako, hali ya figo na ini lako, na dawa nyingine unazotumia. Mfano ni sildenafili, dawa ya nguvu za kiume. Akiimeza mtu anayetumia dawa za jamii ya naitreti kwa maumivu ya moyo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua. Daktari huuliza hilo kabla ya kuandika. Tovuti inayouza bila cheti haiulizi, au inauliza kwa fomu inayokubali jibu lolote. Kwa hiyo duka likikwambia cheti hakihitajiki, liache hapo hapo, hata kama bei yake inavutia.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tovuti anwani ya mahali duka lilipo, namba ya usajili na jina la mfamasia msimamizi. Kisha usitosheke na nembo zilizopambwa chini ya ukurasa, maana nembo ni picha tu na yeyote anaweza kuibandika. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya mamlaka ya dawa au baraza la famasia la nchi ambako duka limesajiliwa, utafute jina hilo kwenye orodha yao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ipo alama ya pamoja ya maduka haya. Ukiibonyeza ni lazima ikupeleke kwenye orodha ya mamlaka ya nchi husika, na isipokupeleka ni ya kughushi. Mwisho piga simu, uombe kuzungumza na mfamasia. Duka lisilo na mfamasia wa kukujibu halifai kukuuzia dawa ya presha.

Sasa dawa yako. Nifedipini ina mtego ambao wengi hawaujui: ipo inayoyeyuka haraka, ipo inayotoka taratibu kwa takriban saa 12, na ipo ya saa 24. Kwa kuwa unameza mara mbili kwa siku, inaelekea yako ni ile ya saa 12, lakini hakikisha kwa kusoma boksi. Ukiletewa ya haraka badala yake, presha inaweza kushuka ghafla, moyo ukaenda mbio, ukapata kizunguzungu na kuanguka. Jina ni lile lile na miligramu zinaweza kuwa zile zile. Unapoagiza, nakili kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi lako la sasa, pamoja na herufi zinazofuata jina la dawa, na umuulize mfamasia wao swali hili moja: ni ya kutoka taratibu kwa saa ngapi? Kidonge cha aina hiyo hakipondwi wala kutafunwa, kwa sababu dozi yote itatoka kwa mkupuo.

Mzigo ukifika, linganisha namba ya toleo (Batch au Lot) na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye karatasi ya vidonge. Zikitofautiana, usimeze. Vidonge vilivyomwagwa tu ndani ya mfuko, bila karatasi ya maelezo, navyo usimeze. Rangi au umbo likibadilika, huenda ni mtengenezaji mwingine tu, lakini uliza kwanza. Ukaguzi huu ufanye hata kwa dawa ya duka la mtaani: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia.

Kama mmoja wa ndugu zako anaagiza insulini, ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 njia nzima. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Agiza ukiwa bado na vidonge vya siku 14. Mizigo huchelewa, na presha yako itapanda ukikosa dawa. Kwa anayetumia propranololi au klonidini, ambazo nazo ni dawa za presha, kukatiza ghafla ni hatari zaidi. Baki na nakala ya cheti. Zikisalia siku 3 na mzigo haujafika, ipeleke nakala hiyo kwenye duka la karibu ununue za wiki moja. Na dozi uliyoikosa usiifidie kwa kumeza vidonge viwili pamoja.